Vipande Tisa vya Kamba

Msinihurumie kabla sijamaliza. Mtu akinihurumia mapema mimi hukasirika, na nikikasirika naongea ovyo, na habari hii nataka kuisema sawasawa, mara moja, nisiirudie tena.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia samaki wa Bwana Lobo. Si kupika samaki, nimesema kuwapikia samaki. Watu walinicheka hadi wakashika mbavu. Wifi yangu, mke wa kaka yangu Khaemba, alikuwa ananipokea pale Gatina, Kawangware, kwa kelele majirani wote wasikie: "Mpishi wa samaki amefika! Leo wamekula nini, pilau?" Nami namjibu, wamekula kamba wa baharini, wewe je, umekula nini? Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa kiangazi, tulipokuwa tunakula ule unga wa njano ulioletwa na meli, na hakuna mtu aliyependa kuulizwa amekula nini.

Bwana Lobo alikuwa Mgoa, mzee aliyestaafu reli. Mkewe alikuwa ameshakufa na watoto wako ng'ambo, kwa hiyo alibaki peke yake katika nyumba kubwa huko Lavington, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware. Sebuleni, pale ambapo wengine huweka televisheni, yeye aliweka tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, na ndani yake samaki kumi na mmoja wa baharini. Si wa ziwani wala wa mtoni. Wa maji ya chumvi! Hata maji yao yalitoka Mombasa kwa gari moshi, yakiwa ndani ya mitungi, yakiletwa na wenzake wa zamani wa reli, na pamoja na maji lilikuja sanduku la barafu lenye kamba na ngisi, na mwani umefungwa kwenye gazeti. Samaki wenyewe, sitadanganya, walikuwa wazuri. Kulikuwa na mmoja wa manjano aliyekuwa ananifuata kwenye kioo nikipiga deki. Nikienda kulia anaenda kulia. Nikimwonyesha kitambaa anarudi nyuma, kisha anakuja tena.

Mke wa Bwana Lobo ndiye aliyekuwa akiwatengenezea chakula, na alipokufa mzee akanifundisha mimi. Mlolongo wake naujua hadi leo. Kamba unamenya, unatoa ule uzi mweusi wa mgongoni. Ngisi unamvua ngozi. Unaongeza mnofu wa samaki changu usio na mwiba hata mmoja. Spinachi unaichovya kwenye maji moto na kuitoa papo hapo, huipiki. Mwani unauloweka. Vitunguu saumu punje mbili. Vyote vinaingia kwenye blenda, lakini husagi mpaka viwe uji, unaacha chenga zinazotosha mdomo mdogo. Ndipo unatia jelatini iliyoyeyuka, unakoroga, unamimina kwenye trei na kuweka kwenye friza. Kesho yake unakata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Kipande kimoja kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, kwa samaki wote.

Na kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, chumvi usitie. "Hata punje, Nekoye," alikuwa akiniambia na kidole juu. "Chumvi yao iko ndani ya maji, nimeshaipima." La pili, ukishaweka chakula unasoma Salamu Maria mara tatu, polepole, na ukimaliza, kilichobaki unakitoa kwa kichujio. Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, sisi hatuna Salamu Maria. Lakini alinifundisha, na kila asubuhi nikawa nasimama mbele ya samaki nikisali sala ya Wakatoliki kwa sababu ya kazi. Mzee alikuwa anapita nyuma yangu akitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nataka mlijue tangu sasa, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Mwezi wa sita nikaletewa mjukuu wangu. Binti yangu Jentrix alikuwa amefia Bungoma akijifungua mtoto wa pili, mtoto naye akamfuata, na huyu wa kwanza akabaki hana wa kumlea. Jina lake Nasipwondi, jina la msimu wa viazi vitamu. Alikuwa na miaka miwili. Nilipomfungua shuka niliona miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nywele zilikuwa nyekundu, zimenyauka. Hakuwa analia. Mtoto wa miaka miwili anatolewa kwenye basi, anapewa mtu asiyemjua, halii! Mimi ndiye niliyelia.

Nilikuwa nimepanga chumba Makina, Kibera, kwenye nyumba ya Saadia. Saadia ni Mnubi, babu yake alikuwa askari wa zamani zile za Waingereza, na nyumba alirithi. Alikuwa mjane kama mimi. Tulikuwa tunagombana kwa sababu ya maji, kwa sababu ya moshi, kwa sababu ya kuku wake, na hakuna mtu niliyempenda zaidi yake Nairobi nzima. Yeye ndiye aliyemshika mtoto mchana nikienda kazini. Siku ya kwanza alimtazama akasema, "Mama Jentrix, huyu ni wa kupeleka kliniki leo, si kesho."

Kliniki nesi alimgeuza mtoto huku na huku, kisha akanigeukia mimi kama nimemwibia kitu. "Unamlisha nini?"

"Uji. Ugali na sukuma. Anashiba."

"Anashiba lakini mwili hauna chakula. Uji mtupu utamuua. Mpe mayai, maziwa, maharagwe. Mpe samaki."

"Samaki?" nikauliza.

"Ndiyo mama, samaki. Kwani samaki huwajui?"

Nilitaka kumzaba kofi. Haki nilitaka. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka kamba.

Sasa mtauliza kwa nini sikumwomba Bwana Lobo. Kila mtu ananiuliza. Nilishaomba mara moja maishani mwangu, Jentrix akiwa mchanga, kwenye nyumba nyingine ya mama mmoja wa Kizungu. Niliomba kikombe cha maziwa yaliyobaki. Akaniambia, "Leo maziwa, kesho utataka kitanda changu." Ijumaa hiyo hiyo nikafukuzwa, na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo niliapa mdomo huu hautaomba kitu kwa mwajiri. Kiapo cha kijinga, lakini ni changu, na nilikishika kwa nguvu zangu zote.

Kwa hiyo nikaiba. Siku ya kukata trei nilikuwa nabana kisu kidogo, kila kipande kinakuwa chembamba kwa unene wa ukucha, na mwisho wa trei ninabaki na vya ziada. Samaki hawakujua, mzee hakujua. Nikakifunga kipande kwenye jani la sukuma, juu yake gazeti, nikakificha ndani ya leso kiunoni, na nikatembea kutoka Lavington hadi Makina na barafu ikinichoma tumboni.

Saadia alifungua akarudi nyuma. "Hii ni nini?"

"Chakula cha samaki."

"Samaki wanakula samaki?"

"Wanakula kukushinda wewe."

Akanusa. "Na hii inayoteleza ni nini?"

"Jelatini."

"Si ya nguruwe? Sitaki nguruwe kwenye sufuria yangu, wallahi nakwambia."

"Ya ng'ombe. Imeandikwa kwenye pakiti." Sikujua pakiti imeandikwa nini, ni Kiingereza kitupu. Nikamwapia hivyo hivyo, na hilo pia nalibeba.

Akakiyeyusha kwa nyanya kidogo kwenye kikaango, akapoza, akamwekea mtoto ulimini kwa ncha ya kijiko. Nasipwondi alikaa nacho mdomoni kwa muda mrefu. Tukasubiri ateme. Akameza. Kisha akafungua mdomo mwenyewe, bila kuambiwa, kama kifaranga, na Saadia akapiga kigelegele mpaka wapangaji wakachungulia. Mimi nikakaa chini kwenye udongo. Kwa furaha, jamani. Nilikuwa nimesahau furaha inakaaje.

Mwezi wa tisa ulipofika miguu ilikuwa imenywea, na nywele zilizokuwa zinachipuka zilikuwa nyeusi. Alikuwa anamfukuza jogoo wa Saadia uani. Alikuwa ananiita Kukhu, yaani bibi, na jioni akisikia viatu vyangu anakuja mlangoni na mdomo wazi tayari. Saadia akinicheka: "Mjukuu wako amekuwa samaki." Nikawa naenda kazini naimba. Niliwasagia samaki chakula chao kwa moyo wote, kwa sababu kilikuwa chakula cha mjukuu wangu, na sikuwahi kusafisha kamba vizuri kama miezi ile mitatu.

Kisha surua ikaingia Makina. Ilipita nyumba kwa nyumba. Nasipwondi akatoka vipele mwili mzima, macho yakajifunga, na ndani ya mdomo kukawa na vidonda. Hakuweza kumeza uji, hakuweza maziwa. Kitu pekee alichokubali ni ile ya samaki, iliyoyeyuka, ya baridi, inateleza bila kumkwaruza. Alikuwa anakula nusu kipande kwa siku, sasa ikabidi kipande kizima. Nesi aliniambia, "Sasa ndiyo wakati wa kumlisha. Ukimwacha sasa, mwili utarudi kulekule."

Wiki hiyo hiyo Bwana Lobo akapata habari kwamba dada yake yuko taabani Mombasa. Akasema anaenda siku kumi na tano. Vipande alikata mwenyewe mara hii, kwa rula, kwa mkono wa mtu wa reli, na akavipanga kwenye trei mbele yangu akihesabu kwa sauti: kumi na tano. Hakuna cha ziada, hakuna unene wa ukucha. Sanduku la kamba halitakuja hadi arudi nalo yeye. "Usibadilishe kitu chochote, Nekoye," akasema. "Hawa ndio watu wangu waliobaki. Nakuamini." Akanipa ufunguo wa mlango wa jikoni. Jumanne asubuhi akaondoka.

Nilisimama mbele ya friza ile nikafikiri, na sikufikiri sana. Vipande kumi na tano ni vya Nasipwondi. Samaki nitawatengenezea kingine. Nilijiambia, samaki ni samaki, na omena, vile vidagaa vya ziwani, pia ni samaki.

Siku hiyo hiyo nikapita soko la Kawangware nikanunua omena, nikachukua spinachi, nikaenda kwa wifi yangu Gatina kwa sababu alikuwa na jiko kubwa. Na sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu. Sikutaka kuwapa samaki takataka. Niliona aibu kwamba nawanyang'anya, basi nikataka walau kile ninachowapa kiwe kizuri, kimepikwa jinsi ninavyojua kupika. Kwetu omena haipikwi hivi hivi. Unailoweka kwa maji moto, uchungu utoke. Na mboga unaitia musherekha ilainike. Musherekha ni yale maji yanayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Wifi yangu alikuwa na chupa yake nyuma ya mlango, imetoka nyumbani. Mboga bila musherekha ni kumpa mgeni majani.

Masharti niliyakumbuka. Chumvi hata punje. Na nilikuwa nimejibu moyoni kabla sijauliza: musherekha si chumvi. Kwa Kibukusu tunaiita pia munyu, na munyu ni chumvi, mtoto yeyote wa kwetu anajua. Lakini kazini nilikuwa nawaza kwa Kiswahili, mzee alinikataza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hayo ni maji ya majivu tu. Nikamimina, tena nikaongeza, kwa sababu zile mboga zilikuwa ngumu. Wifi akaonja akasema, "Tamu! Hawa samaki wako wana bahati." Nikasaga, nikatia jelatini, nikaenda kugandisha Lavington.

Kesho yake asubuhi nikawawekea. Walikuja mbio kama kawaida. Yule wa manjano akauma, akatema. Akauma tena, akatema. Wengine wakageuka wakaenda zao nyuma ya mawe.

"Mnaringa?" nikawaambia. "Kuna watu hapa mjini wangelamba hata trei!"

Nikasoma Salamu Maria zangu tatu. Nikachukua kichujio. Na mkono ukakataa. Sisi mgeni akisita kula hatuondoi sahani mbele yake, ni kumfukuza. Unaifunika, unamwachia, atakula ukimpa kisogo. Nikasema hawa hawajazoea, wana aibu, nikiwaacha watakula. Nikaacha. Alhamisi wakadonoa kidogo, nikafurahi. Ijumaa nikaona maji yamekuwa kama yale ya kuoshea mchele, nikadhani ni jelatini. Jumamosi yule wa manjano hakunifuata kwenye kioo. Jumapili nilikuwa na haraka, mtoto alikuwa na homa, nikaweka kipande kizima mara moja, asubuhi na jioni pamoja, nikafunga mlango nikakimbia Makina.

Jumatatu harufu ilinipokea jikoni. Wote kumi na mmoja walikuwa wanaelea juu, matumbo wazi. Omena imeoza kwenye mawe na pampu inaendelea kupiga povu kama hakuna kilichotokea. Niliita "Mama wee!" kwenye nyumba tupu. Nikawatoa mmoja mmoja kwa kile kichujio, nikawafukia nyuma ya jikoni, nikasugua mawe, nikaitupa omena iliyobaki kwenye friza.

Halafu nikaanza kupanga uongo. Nitasema stima zilipotea Jumapili, pampu ikazima, nikakuta wamekufa. Mwaka ule stima zilikuwa zinapotea kila mara, angeamini. Lakini nikafungua friza nikahesabu. Vilikuwa vimebaki tisa. Siku sita, vipande sita, Jumanne hadi Jumapili. Hesabu ilikuwa inalingana barabara! Kama samaki wamekufa Jumapili, vipande tisa lazima viwepo. Kikikosekana hata kimoja, mzee yule aliyekuwa akipima kwa rula atauliza: Nekoye, samaki wafu walikula? Na hapo yote yatatoka. Nitafukuzwa, pengine polisi, na bila kazi nitamlisha nani na nini? Nikafunga friza. Nikajiambia Nasipwondi ameshapata nguvu, vipele vinakauka, atavumilia siku tisa. Bwana akirudi atanunua samaki wengine, nitasaga tena, nitabana kisu tena. Siku tisa tu.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilinunua mayai, akayatema. Maziwa yakamwendesha. Nilimpondea omena, vidonda vikamchoma, akanitazama mimi, Kukhu wake, kama nimempiga. Jioni alikuwa bado anasikia viatu vyangu. Hakuweza tena kuja mlangoni, lakini alikuwa anafungua mdomo pale alipolala, na mimi mikononi sina kitu. Alhamisi nilibonyeza mguu wake na shimo likabaki.

"Leta ile ya samaki," Saadia akasema.

"Haiguswi."

"Imekwisha?"

"Iko. Vipande tisa. Haiguswi mpaka mzee arudi." Nikamweleza yote, stima, hesabu, kila kitu.

Saadia hakupiga kelele, na yeye ni mtu wa kelele. "Mama Jentrix," akasema, "wewe unahesabu barafu na mtoto anakwisha?"

Nikamtukana. Nilimwambia mambo ya nyumba yake na ya kupanga ambayo sitayarudia. Nilimwambia yeye ana nyumba, hana habari ya kufukuzwa. Akaendelea kumpepea mtoto.

Jumamosi nikaenda. Alfajiri, kabla watu hawajaamka Kawangware, nilishapita. Nilifungua friza nikatoa kipande kimoja nikakishika. Nilikishika hadi vidole vikafa ganzi. Nikahesabu siku: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Jumatano yuko hapa. Nikasema, umevumilia tano, utashindwa nne? Nikakirudisha kwenye trei, nikakipanga pale pale kilipokuwa, nikapangusa friza, nikarudi Makina mikono mitupu. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Hakuna aliyenishika mkono. Sikuwa nimelewa, sikuwa mwendawazimu. Nilikishika, nikakirudisha.

Saadia alinitazama mikono nilipoingia, akageuza uso.

Jumapili tulimpeleka kliniki tukakuta imefungwa. Jumatatu mchana nilikuwa uani nikipuliza makaa, nichemshe maji. Saadia akaniita jina langu, Nekoye, si Mama Jentrix. Alikuwa hajawahi. Nikajua kabla sijainuka.

Tulimzika Jumanne, Lang'ata. Sikuwa na njia ya kumpeleka Bungoma alale karibu na mama yake. Mtoto wa Kibukusu, amelala Lang'ata kati ya watu asiowajua. Fadul, mpwa wa Saadia, ndiye aliyembeba, na Khaemba akachimba. Wifi yangu alilia sana. Mimi sikuweza.

Jumatano nikaenda kazini. Mtashangaa, lakini ningeenda wapi? Mzee alifika saa nne na teksi ya kutoka stesheni, amebeba sanduku jipya la barafu na mtungi wa maji. Dada yake alikuwa amezikwa. Aliingia sebuleni, akalitazama tangi tupu, akaketi kwenye mkono wa kiti bila kuvua kofia.

Nikausema uongo wangu. Nilikuwa nimeupanga siku tisa, ukatoka bila kukwama, stima, Jumapili, pampu. Nilimaliza nikasubiri maswali. Nilikuwa na majibu ya kila swali.

Hakuuliza hata moja. "Si kosa lako, Nekoye," akasema. "Wewe ungefanya nini?" Akatoa kitambaa akalia kama mtoto, akisema mkewe alikuwa amewapa wote majina, na yeye alikuwa ameyasahau nusu. Akasema hatanunua wengine. Imetosha. Kisha akanitazama usoni, akasema, "Na wewe umekonda. Ulikuwa unaumwa?" Nikasema hapana.

Akaenda jikoni kuweka kamba wake, nami nikamfuata. Akafungua friza. Trei ilikuwa mbele kabisa, vipande vyangu tisa vimepangwa kwa mstari. Baada ya yote yale, bado nilikuwa naogopa hesabu! Akaitoa trei. Hakuhesabu. Aliishika tu mkononi, akawa anatafuta pa kuiweka.

"Hivi havina kazi tena," akasema. "Na hawa kamba wapya pia nitawafanyia nini? Kwako kuna watoto, Nekoye? Wapelekee. Ni chakula safi, hata mtu anaweza kula. Mke wangu alikuwa anasema kingefaa sana kwa watoto wadogo."

"Hapana, Bwana," nikamwambia. "Kwangu hakuna mtoto."

"Basi tupa," akasema, akanipa trei, akaenda kulala.

Nikavitupa.